Mkimbizi Naye Hufuata Riziki



Kila bei ya unga ikipanda, kila kodi ya nyumba ikiongezwa, kuna maneno huanza kuzunguka mitaani. "Wakimbizi wamejaa." "Warudishwe kambini." "Mbona wasikae huko wanakopewa chakula cha bure?" Tusidanganyane, maneno haya hayasemwi na wanasiasa pekee. Tunayasikia barazani, ndani ya matatu, na hata nje ya msikiti baada ya swala. Wengine wanaoyasema wana shangazi Dadaab na binamu Eastleigh.

Leo hatutaki kujibu kwa hasira, tunataka kupiga hesabu. Kwa nini mkimbizi mmoja anatoka kambini usiku na kupanda lori kwenda Nairobi, na mwengine amekaa kambini miaka thelathini bila kubanduka? Ukielewa jibu la swali hili, utaelewa pia kwa nini kila amri ya "wote warudi kambini" imeshindwa, na nani amekuwa akifaidika nayo.

Tuanze na ramani. Kenya inahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Zaidi ya nusu ni Wasomali, wakifuatwa na watu wa Sudan Kusini, halafu Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengineo. Wengi wako sehemu mbili tu: Dadaab kule Garissa, iliyoanza mwaka 1991, na Kakuma kule Turkana, iliyoanza 1992 na baadaye ikaongezewa Kalobeyei. Waliobaki wako mijini, Nairobi zaidi, na wengine Mombasa, Nakuru na Eldoret.

Dadaab iko kama kilomita 100 kutoka Garissa mjini, na kama 80 kutoka mpaka wa Somalia. Kakuma iko kama kilomita 120 kupita Lodwar. Zote ni nchi kavu. Mvua ni ya kubahatisha na wenyeji wake tangu jadi wanaishi kwa mifugo. Hakuna kiwanda wala bandari. Hakuna aliyekaa chini akasema hapa ndipo mtu aliyepoteza kila kitu ataweza kuanza maisha upya. Zilichaguliwa kwa sababu ziko karibu na mpaka na mbali na miji. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, uchumi wa kambi umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni msaada. Na msaada uko kwenye mfuko wa mtu mwengine. Akitaka atatoa, akitaka atafunga.

Na wala haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1970 na 1980, Waganda waliokimbia mateso ya kwao waliishi katika miji yetu. Walifundisha katika shule zetu za sekondari, na wengine walifanya kazi za ofisi na hospitali. Muulize mzee yeyote aliyesoma miaka hiyo, huenda mwalimu wake wa hesabu alikuwa Mganda. Kufungia watu kambini kulikuja baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, pale maelfu kwa maelfu walipovuka mpaka kwa mpigo mmoja. Hatua ya dharura ikageuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa sheria.

HESABU YA MAMA MMOJA

Sasa tuseme kuna mama ana watoto watano pale Hagadera. Hatumtaji mtu, huu ni mfano, lakini familia kama yake ziko nyingi. Mama huyu kila mwezi ana hesabu ya kufanya, kama vile mama yako anavyofanya hesabu ya kodi na stima.

Mgao wa chakula haujawahi kutosha, na miaka ya karibuni umeporomoka. Mwaka 2025, wafadhili walipokata fedha, Marekani ikiwa mbele, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilishusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Hebu fikiria. Mtu aliyekuwa apewe kilo kumi anapewa chini ya tatu. Zile pesa za Bamba Chakula zilizokuwa zikiingia kwenye laini ya simu zikasimamishwa. Kakuma watu wakaandamana. Baadaye mwaka huo huo familia zikaanza kugawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na lile kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaambiwa lijitegemee.

Ukikata mgao hukati chakula peke yake. Mama huyu alikuwa anakopa sukari na mafuta dukani, na mwenye duka alimkopesha kwa sababu anajua pesa ya mwezi ujao itaingia. Siku pesa ikikatwa, daftari la deni linafungwa. Mwenye duka naye, ambaye mara nyingi ni mkimbizi pia, ana deni la jumla kwa tajiri wa Garissa au Nairobi. Mnyororo mzima unakatika.

Mama atafanya nini? Kazi kambini ziko, lakini sikiliza zinavyolipwa. Mkimbizi akifundisha shule ya kambini au akihudumu zahanati, halipwi mshahara. Anapewa kitu kinaitwa "motisha". Anaweza kufundisha darasa la pili yake na mwalimu Mkenya, saa sawa, watoto idadi sawa, na mwisho wa mwezi akapata sehemu ndogo tu ya kile mwenzake anapata. Kijana amemaliza kidato cha nne akapata alama nzuri, na mbele yake anaona hiyo motisha, au kibarua cha kusukuma mkokoteni, au kukaa.

Ndipo familia inakaa kikao. Mama na wadogo watabaki Hagadera, kwa sababu kadi ya mgao iko huko, shule ni ya bure, zahanati ni ya bure, na pengine kuna faili la kuhamishiwa nchi ya tatu ambalo linangojwa miaka. Kijana mkubwa ataenda Nairobi kutafuta. Akipata atatuma. Familia imejigawa mara mbili ili isife njaa ikiwa upande mmoja utaanguka. Sisi wenyewe tunafanya vile vile. Ni familia ngapi za Kilifi na Kwale zina baba Mombasa, mama shambani na binti Saudia? Hatuwaiti hao wazururaji. Tunasema wanatafuta.

SOKO LIKO WAPI, NA NANI ANANIJUA

Mtu akitoka kambini haendi popote tu. Ana maswali mawili kichwani: kazi iko wapi, na huko kuna nani atakayenipokea.

Angalia Eastleigh. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Wasomali waliokimbia vita walipanga vyumba, mchana wakawa wanaweka bidhaa kitandani na kuuza. Chumba kikawa duka, lodge nzima ikawa soko, na soko likazaa majengo ya maduka ghorofa kwa ghorofa. Leo mtu wa Meru, wa Kisumu, hata wa Arusha anakuja Eastleigh kununua nguo kwa bei ya jumla.

Mtaji ule ulitoka wapi? Hakuna benki iliyomkopesha mkimbizi asiye na kitambulisho wala hati ya shamba. Mtaji ulitoka kwa ndugu walioko Minnesota, London na Dubai, ukapita kwa hawala. Ulitoka kwa ayuuto, ambayo ni mchezo kama ule mama zetu wanaocheza, kila mwezi mmoja anapokea. Na ulitoka kwa kuaminiana. Mwenye duka anakupa mzigo leo, unauza, unalipa kesho, kwa sababu anamjua mjomba wako. Sasa kijana wa Hagadera akifika Nairobi, kwa nini aende Karen? Ataenda pale ambapo jina la ukoo wake ni dhamana ya mkopo.

Wakongo nao wana njia yao. Utawapata Kayole, Githurai na Kasarani, kwenye salooni, ushonaji na biashara ya vitenge. Kiswahili wamekuja nacho kutoka kwao, basi kuongea na mteja si shida. Warundi wengine utawaona wanatembeza njugu. Watu wa Sudan Kusini wenye jamaa wanaowatumia pesa wengi wamekwenda Nakuru, Eldoret na Kitale, kwa sababu huko shule ni nzuri na kodi si ya Nairobi. Hawa wanafuata elimu ya watoto, na wanaleta pesa kutoka nje kuja kutumia kwetu.

Na sisi watu wa Pwani tusijifanye hadithi hii haituhusu. Miaka ya tisini Mombasa ilikuwa na kambi za wakimbizi, Utange na Benadir zikiwa kati ya zile zinazokumbukwa sana. Kulikuwa na Wabarawa na Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake. Serikali ilifunga kambi hizo na kuamuru watu wapelekwe Dadaab na Kakuma. Wengine walikwenda. Wengine walibaki, na sababu iko wazi. Mbajuni wa Kismayu na Mbajuni wa Lamu ni watu wamoja, mpaka uliwakuta. Mbarawa anaongea Chimini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili. Mvuvi utampeleka Kakuma akavue nini? Fundi wa kushona kofia na mwanamke wa kupika halua walikuwa na wateja hapa Mombasa na jamaa wa kuwaweka. Wakabaki, wengine bila karatasi yoyote, na watoto wao leo ni vijana wenzetu wasio na kipande.

GHARAMA YA NJIA

Kwa sheria, mkimbizi wa kambini hatoki bila kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kibali kina sababu zake: matibabu, masomo, mahojiano na kadhalika. "Nataka kwenda kutafuta kazi" haijawahi kuwa sababu rahisi kukubaliwa. Chini ya sheria ya mwaka 2006, kukaa nje ya kambi bila ruhusa kulikuwa kosa la kukufunga hadi miezi sita au faini hadi shilingi 20,000.

Je, watu waliacha kusafiri? La. Safari ilipanda bei tu. Kila kizuizi cha polisi kati ya Dadaab na Nairobi kikawa na bei yake. Ukifika mjini, kila doria ina bei yake. Mwenye nyumba anajua huna karatasi, anakupandishia kodi. Mwajiri anajua huwezi kwenda kushtaki, anakulipa nusu. Kwa hivyo ile amri ya kukaa kambini, kiuchumi, ni ushuru. Unalipwa na maskini kila siku, na hata shilingi moja haifiki hazina ya serikali.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Kwa sababu njia ni ghali, anayefika mjini si yule maskini kuliko wote. Ni yule mwenye nauli, mwenye jamaa, mwenye kisomo au ufundi. Yule asiye na kitu kabisa, mjane, mzee, mlemavu, anabaki kambini na mgao uliokatwa. Basi anayesema wakimbizi wa mjini wamekuja kuombaomba amekosea hesabu. Mjini hakuna mgao. Mkimbizi wa Nairobi kwa sehemu kubwa anajilipia kodi, chakula na karo mwenyewe.

Tunakumbuka pia serikali ilipojaribu nguvu. Desemba 2012 ilitoa amri wakimbizi wote wa mijini waende kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri ile. Miongoni mwa aliyoyapima ni riziki za watu waliokwisha kujenga maisha mjini. Mwaka uliofuata ikaja amri nyingine, na Aprili 2014 ikaja Usalama Watch. Maelfu walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, Wakenya wakichanganywa na wageni, wakapangwa uwanja wa Kasarani. Wengine wakapelekwa kambini kwa mabasi, wengine wakarushwa Mogadishu. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, leseni za kampuni 13 za kutuma pesa zikasimamishwa kwa muda. Fikiria ni jikoni ngapi zilizozimika wiki hizo, kambini na mijini, kwa sababu mshipa wa pesa umebanwa.

Baada ya yote hayo, Eastleigh iko wapi leo? Iko pale pale, na imekuwa kubwa zaidi. Nguvu inaweza kumhamisha mtu. Sababu iliyomleta haihamishiki kwa lori la polisi.

JE, WANATUCHUKULIA KAZI?

Swali hili tulijibu kwa uaminifu, kwa sababu kuna Mkenya ana uchungu wa kweli.

Ndiyo, kuna wanaoumia. Mtu wa kibarua cha mkono, wa mjengo au wa kufua nguo, anaweza kukuta mwenzake asiye na karatasi anakubali malipo ya chini kuliko yeye. Mwenyeji wa Turkana au Garissa ameona kuni zinaisha na malisho yanapungua karibu na kambi. Amemwona mkimbizi anachimbiwa kisima na yeye bado anatembea na mtungi. Uchungu huo usidharauliwe.

Lakini angalia upande wa pili wa daftari. Mwaka 2018 utafiti wa IFC, taasisi ya Benki ya Dunia, ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa thamani ya karibu shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Miaka miwili kabla, utafiti mwengine wa Benki ya Dunia ulikadiria kuwa kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza uchumi wa Turkana kwa asilimia 3.4. Mturkana anauza mbuzi, makaa na maziwa kambini. Mwenye lori wa Eldoret anapeleka mahindi. Mwenye nyumba wa Eastleigh anapokea kodi, na kaunti inachukua pesa za leseni.

Na yule Mkenya wa kibarua anayepunguziwa malipo, dawa yake ni ipi? Malipo yanashuka kwa sababu mwenzake hana karatasi na hawezi kukataa. Mpe karatasi, ataweza kudai malipo ya haki, na tajiri hatakuwa na mtu wa kumtumia kama rungu la kukupigia wewe. Kumficha mkimbizi kwenye kivuli hakumlindi Mkenya. Kunamlinda mwajiri.

Kuna pia kisa cha ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera ambacho kila kijana Mwislamu wa nchi hii anapaswa kukijua. Ukame ulipokaza, familia za Wakenya, raia kabisa, zilikwenda Dadaab kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao, matibabu na shule. Njaa iliwasukuma upande huo kama vita vilivyowasukuma wenzao. Watoto wao walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikaonyesha ni wakimbizi. Maelfu wakakaa miaka bila kipande: bila laini ya simu kwa jina lao, bila M-Pesa, bila chuo, bila kura. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini umefutwa. Tangazo ni zuri. Sasa tunataka kuona foleni zikisonga.

Jifunze hapo. Mstari kati ya mwenyeji na mkimbizi huko kaskazini ulichorwa na gunia la mahindi.

MADINA ILIANZIA SOKONI

Sisi Waislamu hatuna haja ya kufundishwa na wageni kuhusu jambo hili. Tarehe yetu inaanza na hijra, safari ya watu waliokimbia. Muhajirina walipofika Madina, Mtume (SAW) aliwaunganisha udugu na Ansari. Abdulrahman bin Auf alipewa ndugu, Saad bin Rabii, tajiri aliyejitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akawa mfanyabiashara mkubwa.

Ansari alitoa kwa moyo, na hilo ni fadhila. Lakini angalia mhajiri alihitaji nini kusimama kwa miguu yake: njia ya kufika sokoni, isiyofungwa na mtu. Sisi Ramadhani tunapeleka futari na tende kambini, na tuendelee, Allah atukubalie. Tukimaliza kupeleka tende, tuulize na swali la soko.

SHERIA IPO, NJIA BADO

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi awezeshwe kuchangia uchumi wa nchi na apewe hati anazohitaji kwa hilo. Inamruhusu pia mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kutumia haki za Jumuiya. Sudan Kusini, Burundi, Kongo, na tangu 2024 Somalia, zote ziko ndani. Maana yake wakimbizi walio wengi nchini wanatoka Jumuiya yetu wenyewe. Mtu asikurupuke lakini, kwa sababu kuacha hadhi ya ukimbizi ni kuacha ulinzi wake, na aliyekimbia kuuawa anahitaji ushauri wa wakili kabla ya kutia sahihi.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza Dadaab na Kakuma ziwe miji ambamo wenyeji na wakimbizi wanatumia huduma pamoja. Tunaunga mkono nia hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo bado ina maeneo maalumu ya kukaa wakimbizi, na vibali vya kusafiri bado vipo. Unaweza kuibandika kambi jina la manispaa, ukaipa lami na taa. Ikiwa mwenye duka wa Dagahaley hawezi kwenda Garissa kununua mzigo wake mwenyewe, bado analipa dalali, na mji huo bado ni kambi.

Kuna hofu kwamba mlango ukifunguliwa wote watamiminika Nairobi. Tazama jirani. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya 2006 inawapa uhuru wa kwenda na kufanya kazi. Sehemu kubwa bado wanaishi kwenye makazi yao ya vijijini, kwa sababu huko kuna kipande cha ardhi, shule na jamaa. Kampala wamekwenda wale ambao hesabu zao zimewaambia waende. Watu hawakimbilii mji kwa sababu tu mlango uko wazi. Wanapiga hesabu, kama mimi na wewe.

TUNACHODAI, NA TUNACHOTAKA KWENU

Kwa serikali tunadai mambo manne. Moja, kutafuta kazi na kufanya biashara kuwe sababu halali ya kibali cha kusafiri, na kibali kitolewe kwa siku na si kwa miezi, hadi siku vibali hivyo vitakapoondolewa kabisa. Mbili, kadi ya mkimbizi ikubalike kila mahali, kwa wauzaji wa laini za simu, benki, KRA na ofisi za leseni za kaunti. Tatu, anayefundisha darasa moja na Mkenya alipwe kama mwalimu. Nne, pesa za Mpango wa Shirika zimfikie na mwenyeji, visima na malisho kwanza, na hesabu zake ziwekwe wazi kwa wananchi wa Garissa na Turkana.

Kwenu vijana tunaomba haya. Ukiwa na nyumba ya kupangisha, usimpandishie mtu kodi kwa sababu hana kipande. Ukiwa na duka, lipa kwa kazi, usilipe kwa karatasi. Ukiona askari anachota pesa mfukoni mwa mtu mtaani kwenu, andika tarehe, saa, mahali na nambari ya gari, na upeleke malalamiko IPOA. Na kama wewe au ndugu yako mmekwama kwa ajili ya alama za vidole za Dadaab, usinyamaze nyumbani kwa aibu. Nenda kwa chifu, nenda ofisi ya usajili, weka nakala ya kila barua, na utafute msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe.

Na mwaka wa uchaguzi unapokuja, kila mgombea atakayepita mtaani kwenu muulize swali moja, hadharani, kipaza sauti kikiwa kimewashwa: mfanyabiashara wa Dagahaley atafika lini Garissa bila kununua njia? Akikujibu kwa kelele za "wakimbizi wamejaa", utajua hana hesabu, na kura yako mpe mwengine.